Mashine Mbili kwa Spika za Shangazi

Walisema sitaweza. Walisema nitaunguza spika za watu, niunguze na chumba cha kupanga, halafu nirudi Uarabuni nilikotoka. Fundi wa simu aliyekuwa jirani yangu katika kichochoro kilicho nyuma ya soko la Machakos aliniambia mbele ya wateja wake, bisibisi mkononi, "Mkubwa, mashine ya gemu na kompyuta haziwezi kula sahani moja. Moja italia, ingine itanyamaza. Ama zote zinyamaze, na wewe pia unyamaze." Wateja wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba watu wa kutoka nje huwa na mambo makubwa miezi ya kwanza, kisha wananunua pikipiki kama kila mtu.

Sikuwajibu. Mtu mwenye diploma ya elektroniki hajibizani na bisibisi. Diploma hiyo niliipata hapa hapa mjini, kwa karo niliyoitafuta mwenyewe nikipakia mchanga kwenye malori mtoni, mabega yakichubuka, na hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenichangia. Nilipokwenda Uarabuni sikwenda kufagia. Nilifunga spika kwenye kumbi za hoteli ambazo taa zake peke yake zingenunua kichochoro chetu chote pamoja na fundi wake. Wahandisi wenye digrii waliniita nikague kazi yao, nikaikagua, nikaikosoa, wakairudia.

Lakini nilirudi nikiwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauondoi. Mama yangu alizikwa nikiwa juu ya ngazi, nikifunga spika kwa ajili ya harusi ya mtu nisiyemjua. Niliposhuka nilikuta picha za kaburi kwenye simu, tayari limefunikwa. Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyesimama mahali pangu na kutupa udongo kwa niaba yangu. Siku niliyotua nyumbani niliapa kwamba siendi tena. Mwajiri wangu wa kule alikuwa amesema atanishikilia nafasi mpaka mvua za mwisho wa mwaka zianze huku kwetu. Kwa hiyo mambo yangu yalikuwa wazi: mvua ikinikuta na kazi inayonilisha hapa Machakos, nabaki, ikinikuta bila, napanda ndege. Hakukuwa na njia ya tatu. Kila asubuhi, kabla sijakumbuka hata jina langu, nilikuwa nimeshakumbuka hilo.

Kazi niliyoichagua ilikuwa ukumbi wa gemu na filamu. Mjini vibanda vya gemu vilikuwa vingi, vijana wakibanana mbele ya televisheni yenye sauti ya nyuki ndani ya kopo. Mimi nilitaka kijana acheze mpira wa kwenye skrini huku akisikia mashabiki wakipiga kelele nyuma ya kisogo chake. Mchana gemu, jioni filamu na mechi kutoka kwenye kompyuta. Projekta moja, spika zilezile. Akiba yangu ilitosha kodi, viti, pazia zito na projekta. Vingine niliazima, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu kwetu kuazimwa kitu ni dalili kwamba unajulikana.

Mashine ya gemu ilitoka kwa shemeji, mume wa dada yangu, anayefanya kazi ya ujenzi kule Konza. "Shika tu, shemeji," alisema. "Mimi narudi nyumbani nikiwa vumbi tupu. Nitacheza saa ngapi?" Kompyuta alinipa rafiki niliyesoma naye, ambaye saiba yake, duka lake la intaneti, ilikuwa imekufa. Spika nilipewa na shangazi.

Zilikuwa za mwanawe. Binamu yangu huyo alikuwa amezileta nyumbani kwao Muthetheni alipopata kazi nzuri: spika tano ndogo, wufa moja ya sauti nzito, kubwa kama debe, na kisanduku cha kuziendesha zote. Jumapili alikuwa akifungulia kwaya mpaka majirani wa ng'ambo ya bonde wanaimba pamoja naye. Kisha akaugua, akafa, nami nikiwa kule kule kwenye ngazi zangu. Shangazi alinionyesha mahali zilipo, akasema, "Chukua. Hapa zitaliwa na panya, na wewe unajua lugha yake." Hakusema nizirudishe lini. Sikuuliza.

Sasa nieleze kazi niliyoifanya, maana hakuna mwingine atakayeieleza. Kisanduku cha spika kilikuwa na tundu moja tu la waya wa mwanga, ule unaopitisha sauti kwa miale myekundu badala ya umeme. Mashine ya gemu haikuwa na njia nyingine ya kufikisha sauti ya spika zote kwenye kisanduku hicho, kwa hiyo tundu likawa lake. Kompyuta ikabidi ipite njia ya zamani, nyaya tatu nyembamba: wa kijani kwa spika za mbele, mweusi kwa za nyuma, wa rangi ya machungwa kwa ile ya katikati na wufa. Kwenye kisanduku kulikuwa na kitufe cha kuchagua nani aongee. Fundi wa simu alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Imelia?"

"Italia."

Mashine ya gemu ililia mbele tu. Spika za nyuma zikawa kama mawe. Mtu mwingine angesema zimekufa, akazifungua kwa kisu. Mimi niliingia kwenye mipangilio ya mashine nikakuta imeambiwa itoe sauti ya spika mbili. Nikaiambia itoe ile ya spika sita, kwa aina ambayo kisanduku kinaielewa, na chumba kikajaa. Kompyuta nayo ikaja na ugonjwa wake: mngurumo mzito kwenye wufa, hata pasipo filamu, kama lori linalosubiri barabarani bila kuzima injini. Niling'oa waya mmoja baada ya mwingine mpaka nikaelewa. Kompyuta na projekta zilichomekwa kwenye ukuta huu, kisanduku kwenye ukuta ule, na waya wa ardhi wa jengo hilo alikuwa ameufunga mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nikavuta eksitensheni moja, nikachomeka vyote mahali pamoja. Mngurumo ukakatika. Nikabonyeza kitufe: gemu. Nikabonyeza tena: kompyuta. Gemu. Kompyuta.

"Hiyo ni bahati," fundi akasema.

"Hiyo ni diploma," nikamwambia.

Vijana walikuja. Walikuja wa bodaboda, wa chuo, wa kubeba mizigo sokoni. "Niaje buda, hizi wufa ni moto!" Jamaa mmoja wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu, alisikia nyayo za adui kwenye spika ya nyuma akageuka kwenye kiti na kuuliza, "Nani ananipita hapa?" Ukumbi mzima ukamcheka mpaka akatoka nje kupoza uso, kisha akarudi akalipia tena. Mwezi wa kwanza kodi ililipwa na ukumbi wenyewe. Nilianza kuangalia mbingu bila kuogopa. Ilikuwa samawati tupu, na nilimwambia dada yangu kwamba mwaka huu mvua ikinyesha nitaisikilizia chini ya bati langu.

Shangazi naye akaanza kuja kunisalimia. Siku za soko alishuka mjini, akapitia kwangu na kiondo chake, akakaa kiti cha mwisho kabisa chini ya spika ya kushoto. Vijana walimsalimu kwa Kikamba, "Wakya, Mwaitu," naye akaitikia, "Aa," na wote wakakaa wima kama wako kanisani.

"Zinaendelea vizuri?" aliniuliza mara ya kwanza, akiangalia juu.

"Vizuri sana, shangazi."

"Hazichoki?"

"Hazichoki. Kisanduku nimekiinua, hewa inapita chini. Hata zikilia wiki nzima."

"Hata siku moja hazipumziki?"

"Hakuna haja, shangazi. Hizi si ng'ombe za kulima."

Akacheka kidogo. Akanywa chai yake, akaniombea baraka, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka barabarani kifua kikiwa mbele. Niliporudi niliwaambia vijana kwamba mnaona, hata mama mzee wa Muthetheni anakuja kusikiliza kazi yangu.

Mara nyingine alikuja akakaa pale pale, akangoja gemu iishe. Aliniuliza kama nimeona kichaka kilivyokauka mwaka huu. Kisha akasema, "Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaweka msalaba wa saruji kwa kaburi ya mwanangu. Padri atakuja kusoma misa nyumbani. Utakuja?"

"Nitakosaje, shangazi?"

"Watu watakuwa wengi. Hata wa ng'ambo ya bonde watakuja." Akakunja ncha ya leso yake. "Na padri siku hizi ako na sauti ndogo. Ni kifua."

"Asimame mgongo wake ukiwa kwa ukuta wa nyumba, upande upepo unakotoka," nikamwambia. "Ukuta utaisukuma sauti mbele, upepo utaibeba. Watu wa nyuma watasikia."

Akaikunjua ile ncha ya leso.

"Ukuta," akasema.

"Ukuta, shangazi. Hata kule hotelini tulikuwa tunafanya hivyo umeme ukipotea."

"Sawa, mwanangu."

Nilikuwa nimempa bure ushauri ambao watu hulipia, na nilijisikia mtu mwema siku nzima.

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mashindano yangu ya kwanza ya gemu. Nilikuwa nimebandika karatasi mpaka kwenye milango ya vyoo vya stendi. Sikuweza kufunga ukumbi asubuhi, vijana walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Fainali ilipoisha tu niliwatoa, nikafunga, nikanunua sukari na unga, nikaenda Muthetheni. Nilifika misa ikiwa katikati.

Watu walikuwa wengi kweli. Maturubai hayakutosha, wengine walikaa kwenye nyasi mpaka kwenye ua wa minyaa. Upepo ulikuwa unavuma, ule wa kiangazi unaobeba majani makavu na vumbi. Padri alikuwa amesimama mgongo ukutani, kama nilivyoelekeza, akifungua mdomo na kuufunga. Pale nilipokuwa nimesimama sikupata hata neno moja. Wazee wa nyuma walikuwa wameanza kuongea mambo ya mbegu. Watoto walikuwa wakikimbizana. Wakati wa kumtaja marehemu padri alikohoa, akarudia, akakohoa tena, na waliojua kwamba jina limetajwa ni wale wa mstari wa mbele, waliomwona shangazi akiinamisha kichwa.

Kando ya padri kulikuwa na meza. Ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na juu yake hakukuwa na kitu. Kutoka dirishani mwa nyumba waya wa eksitensheni ulikuwa umevutwa mpaka chini ya meza hiyo, ukapangwa vizuri pembeni ili mtu asijikwae. Hakuna kilichokuwa kimechomekwa. Niliiangalia ile eksitensheni muda mrefu kuliko nilivyoiangalia altare.

Shemeji akaja akasimama karibu nami. "Umekuja mikono mitupu?"

"Nimeleta sukari na unga. Nimempa dada."

"Shemeji. Spika."

"Spika gani?"

Akanitazama kama anayetafuta mahali nilipojificha ndani ya uso wangu mwenyewe. "Za mwanawe. Alitaka zilie siku yake. Amengoja mpaka padri akakataa kungoja."

"Hakuniambia anazitaka."

"Alikuja mpaka kwako akakuuliza kama hazichoki. Wewe ukamwambia nini?"

Nikaitazama tena ile eksitensheni.

"Akakwambia padri hana sauti. Wewe ukamfundisha ukuta." Alisema kwa sauti ya chini, lakini wazee wa mbegu waligeuka. "Shemeji, kweli wewe ulisomea nini?"

"Angesema tu nirudishie. Neno moja. Ningezileta siku ileile."

"Shangazi akudai? Wewe, mtoto ambaye alimzikia mama?" Akatikisa kichwa. "Huko Uarabuni mnadaiana vipi? Kwa tarumbeta?"

Kwetu mtu hadai kitu alichokuazima. Anakuja kukisalimia. Anauliza afya yake, kama kinakula, kama kinalala, na mwenye akili anakifunga na kumbebea mpaka kwake, naye mwenyewe anapinga njia nzima akisema usisumbuke. Nilikulia ndani ya mambo hayo. Niliyafanya mwenyewe nikiwa kijana, na jembe la watu, na ngazi ya watu. Miaka ya kule, ambako mtu hutuma ujumbe kwamba rudisha Jumanne na wewe unarudisha Jumanne bila mtu kuumia, ilikuwa imeyafuta kichwani bila kuniambia. Nilijua kila tundu la kile kisanduku. Nilijua waya gani unakwenda wapi hata gizani. Na mama mzee alikaa mbele yangu akaniomba kwa lugha ya nyumbani kwetu, mimi nikamjibu mambo ya hewa.

Baada ya misa shangazi mwenyewe ndiye aliyeniletea sahani ya mahindi ya muthokoi. "Kula, umetoka mbali," akasema. Hapakuwa na hasira usoni mwake, na ningelipa chochote niione. Nikamwambia nitaleta spika kesho. "Za nini?" akasema. "Siku imepita. Endelea nazo." Akaenda kuwahudumia wageni wengine.

Habari hiyo ilifika Machakos kabla yangu. Siku chache baadaye shemeji alipita ukumbini akiwa na vumbi la Konza kwenye nyusi, akakaa, akauliza, "Mashine inaendelea? Haipati joto?" Safari hii nilisikia. Rafiki yangu wa kompyuta akanipigia simu kuulizia kama ile kompyuta bado iko na nguvu. Nilisikia na hiyo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameona kilichompata shangazi, na kila mmoja aliogopa kwamba siku yake ikifika atafundishwa ukuta.

Ningeweza kuwaachia vitu vyao na kubaki na spika peke yake, nikatafuta mashine nyingine. Nililifikiria. Lakini kila nilipobonyeza kitufe niliona ile meza nyeupe. Sauti ilikuwa ileile, safi, inazunguka chumba kama nilivyoipanga, na vijana walishangilia kama kawaida, nami nilikaa nyuma nikitamani umeme upotee. Ukumbi usio na spika hizo ungekuwa kibanda kingine chenye nyuki ndani ya kopo, na vibanda hivyo havikumlisha mtu. Mbingu upande wa mlimani zilikuwa zimeanza kukusanya mawingu. Nikampigia mwajiri wangu wa zamani. Alifurahi. Aliniambia kuna hoteli mpya, kumbi ni nyingi, na wafungaji walionifuata ni wajinga. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia.

Niliamua kurudisha kila kitu kwa siku moja, ili mtu asije akasema nililipa niliyemwogopa kwanza. Na mimi sirudishi kitu kama nilivyokipokea. Mashine ya gemu niliifungua, nikaondoa vumbi lote, nikaiwekea kidhibiti kipya cha mkononi badala ya kile kilichokuwa kimelegea. Kompyuta niliibadilishia feni. Spika nilizipangusa kwa pamba na spiriti, wufa nikaigundishia mpira wake uliokuwa umeanza kuachia, nyaya nikazikunja na kuzifunga, kila mmoja na mwenzake. Fundi wa simu alisimama mlangoni akiniangalia. Nilimngoja acheke. Aliuliza tu kama anaweza kununua viti.

Shemeji nilimkuta kwenye lango la kazi, Konza. Alipokea mashine, akaiona imeng'aa, akaona aibu. "Si ungengoja, shemeji. Mimi nilikuwa nasalimia tu."

"Najua ulivyokuwa unasalimia."

Akacheka, akanishika bega. Rafiki yangu alichukua kompyuta bila kuiwasha, akasema ananiamini. Nilimlazimisha aiwashe. Nilitaka aone imewaka.

Muthetheni nilifika mchana ukiwa umeinama. Shangazi alikuwa peke yake. Nilimwambia asiguse kitu, nikazipanga spika mwenyewe: mbele mbili, ya katikati juu ya kabati la vyombo, za nyuma kwenye kona, wufa chini. Nikachomeka. Taa ndogo ya kisanduku ikawaka.

"Washa zilie," akasema.

Sikuwa na cha kuzilisha isipokuwa simu yangu. Nikaiunganisha kwa waya mmoja, nikatafuta kwaya, nikafungua. Zikalia mbili za mbele na wufa.

"Na hizi zingine?"

"Hizo zinataka mashine inayojua kuzigawia sauti. Simu haijui, shangazi."

"Na mashine?"

"Nimezirudisha kwa wenyewe."

"Zote?"

"Zote. Sidaiwi na mtu."

"Hiyo ni vizuri," akasema. Alisikiliza wimbo kidogo, mikono juu ya magoti, akiangalia spika ya kona iliyokuwa kimya. "Unaenda lini?"

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Wiki ijayo."

Aliniuliza kama kule wanatupa chakula cha kutosha. Nikamwambia ndiyo, cha hoteli. Akauliza kama kuna mtu wa kwetu wa kuongea naye, nikamwambia wako, ingawa hawakuwako. Wimbo ukaisha na mwingine haukuanza. Nje matone ya kwanza yakapiga bati, machache, makubwa. Nilikaa pale sebuleni, mtu asiyedaiwa na yeyote katika Machakos nzima, na shangazi akasimama kwenda kuanua nguo.